Jedi Mezani kwa Msomi

Ikiwa kwenu ni Likoni, huvuka maji kwa feri kwenda mjini Mombasa. Ikiwa kwenu ni Kisauni, hupita juu ya daraja la Nyali. Na ikiwa kwenu ni Changamwe, huingia kisiwani kwa njia ya Makupa. Njia zote tatu zaweza kukufikisha Ngomeni, katika jengo ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, na ambalo tangu mwaka 1960 ni nyumba ya makumbusho. Humo mna kauri za Kichina: sahani, bakuli, na vipande vya mitungi. Baadhi zilichimbuliwa katika magofu ya pwani. Nyingine zilitoka chini ya bahari, katika merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi baina ya mwaka 1977 na 1980. Wanafunzi wengi huzipita kauri hizo upesi wakaenda kutazama mizinga. Siwalaumu, maana mzinga una kishindo hata ukiwa kimya. Lakini leo nataka kukusimamisha kidogo mbele ya kioo cha kauri, kisha nikupeleke mbali zaidi, hadi mezani kwa msomi wa Kichina, ambako palikuwa na vitu vidogo vilivyotukuzwa kuliko sahani zote hizi. Vitu hivyo vilifanywa kwa jiwe liitwalo jedi.

Kauri ilikuwa bidhaa ya merikebu. Wafinyanzi wa mji wa Jingdezhen waliweza kuchoma bakuli nyingi mno katika tanuri moja. Zikafungwa, zikapakiwa, zikavuka bahari, na wazee wetu wakazinunua. Walizipanga katika vidaka vya nyumba zao, na nyingine wakazipachika katika nguzo za makaburi, kama uwezavyo kuona Mambrui hata leo. Jedi haikuwa bidhaa ya namna hiyo. Haifinyangwi wala haichomwi. Kila jiwe ni moja peke yake, na umbo la jiwe lenyewe ndilo liamualo nusu ya kazi. Basi kitu cha jedi kilikaa karibu na bwana wake. Hakikutumwa ng'ambo kuuzwa kwa korja.

Mawe yaliyopendwa zaidi na Wachina yaliokotwa katika mito ya Khotan, magharibi ya mbali ya nchi ile. Mto mmoja huitwa wa Jedi Nyeupe, na wa pili wa Jedi Nyeusi. Maji ya mito hiyo huyasukuma mawe kutoka milimani, yakayaviringisha, yakayavunja palipo na ufa, hata likafika chini lile lililo zima tu. Jedi nyingine, yenye kijani kikali, ilianza kuingia China kwa wingi kutoka Burma katika karne ya 18. Kwa wenye elimu ya mawe hiyo ni aina nyingine kabisa, ijapokuwa jina ni moja.

Twasema kwa mazoea kwamba jedi huchongwa. Fundi wa mlango wa Lamu huchonga: ana patasi, ana nyundo, na mti humtii. Jedi haimtii mtu. Kisu cha chuma hakiikwaruzi. Fundi wa Kichina alikaa mbele ya gurudumu dogo alilolizungusha kwa miguu, akatia mchanga mkali uliolowa maji baina ya chuma na jiwe, akasaga. Chuma hakikati, mchanga ndio ukatao, na kazi ya chuma ni kuubeba tu. Kazi ya kitu kitoshacho kiganjani yaweza kula miezi. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa lina maana kubwa katika uhakiki. Mshairi aweza kuteleza kwa haraka, na mchoraji aweza kuteleza kwa wino mwingi. Msagaji wa jedi hana udhuru huo. Kila mstari uuonao katika kazi yake aliutaka, akautaka tena kesho yake, na kesho kutwa. Kwa hiyo tuna haki ya kumhukumu kwa ukali.

Sasa tazama meza yenyewe. Mchina wa zamani hakuandika kwa kalamu ya utete kama walivyoandika masheikh wetu, bali kwa brashi ya manyoya. Wino wake ulikuwa mkavu, umefanywa kipande kama cha sabuni, naye aliusugua juu ya jiwe pamoja na matone ya maji mpaka ukayeyuka. Katika kazi hiyo alihitaji vyombo: kopo la kusimamishia brashi, kilalio cha kulazia brashi iliyolowa ili isichafue karatasi, kidude cha kudondoshea maji, bakuli la kuoshea brashi, uzito wa kukandamiza karatasi, egemeo la mkono, na muhuri. Vyote hivyo viliweza kufanywa kwa mti, kwa mwanzi, kwa shaba au kwa kauri. Mwenye uwezo alivitaka kwa jedi.

Kwa nini jedi? Sababu moja ni adabu. Kitabu cha kale cha Wachina juu ya kanuni za heshima kinaeleza kuwa Konfusio alizilinganisha sifa za jiwe hili na sifa za muungwana: ulaini wake kama wema, ugumu wake kama akili iliyothibiti, na kadhalika. Sisi wa pwani twalijua neno uungwana, na twajua kuwa halipimwi kwa mali peke yake. Sababu ya pili ni ya mkono. Jedi ni baridi ukiigusa, kisha hupokea joto lako polepole na kulishika. Ina uzito upitao matazamio ya jicho. Haing'ari kama kioo. Nuru huingia ndani yake kidogo, ikakaa, kama nuru ndani ya nta. Mtu aandikaye hupumzika mara nyingi kutafuta neno, na mkono uliopumzika hutaka kitu cha kushika.

Hebu tukihakiki kitu kimoja, nacho ni bakuli la kuoshea brashi lililofanywa kwa sura ya jani la yungiyungi. Wachina walifanya mabakuli ya namna hii kwa wingi, hasa katika zama za wafalme wa Ching, na yamo katika makumbusho makubwa ya Beijing, Taipei na London. Jani limejikunja kingo zake kuelekea ndani, kama jani la kweli lianzapo kunyauka. Bua limepinda chini yake, likawa mguu. Ukiligeuza, waona mishipa ya jani imetokeza upande wa nje. Ukitazama ndani, ni laini tupu. Swali la mhakiki ni hili: kwa nini mishipa iwe nje tu? Mwanafunzi wa pupa atajibu kuwa ndivyo majani yalivyo. Jibu hilo ni nusu. Ndani ya bakuli ndimo maji ya wino yakaamo, na wino hujificha katika kila mfuo. Fundi ameuacha upande wa ndani mtupu ili uoshwe kwa kidole kimoja. Kingo zilizojikunja nazo si pambo tu, kwa kuwa ndipo brashi ikamuliwapo maji. Hapo uzuri na kazi vimeoana hata huwezi kuondoa kimoja ukabakiwa na kingine. Mimi naliona jani hilo kuwa miongoni mwa vitu bora vilivyopata kufanywa na binadamu kwa ajili ya kuandika, na nalisema hili bila kusita.

Kuna ustadi mwingine ambao Wachina huusifu, nao ni wa kutumia rangi ya jiwe. Jiwe la mtoni aghalabu lina ganda la hudhurungi juu ya moyo mweupe. Fundi mvivu hulisaga ganda lote akalitupa. Fundi mwenye busara huliacha mahali, akalifanya gome la mti, au mgongo wa mdudu aliyetua juu ya tunda jeupe. Ajabu yake ni kwamba kasoro imegeuzwa kuwa habari. Lakini tuangalie hapa tusidanganyike. Mara nyingi ustadi huu hugeuka mzaha: mtazamaji husema, "Ala! Amepataje rangi hiyo?" akacheka, akaenda zake, wala hakutazama umbo. Kitu kinachotegemea mshangao mmoja humalizika mshangao unapokwisha, na meza ya msomi hutazamwa kila siku kwa miaka.

Ubaya mkubwa kuliko huo ni wingi wa kazi. Katika karne ya 18 mafundi wa miji kama Suzhou waliingia katika mashindano ya kutoboa na kutarizi jiwe, wakapachika ua juu ya ua na joka juu ya wingu, mpaka kopo la brashi likawa gumu kushika na gumu kusafisha. Mtu aliyelalamika sana juu ya jambo hilo hakuwa maskini mwenye wivu, bali mfalme Qianlong mwenyewe, aliyetawala tangu mwaka 1735 hata 1796 na aliyemiliki jedi kuliko mtu yeyote wa zama zake. Aliliita balaa la jedi: jiwe jema linaharibiwa ili lionekane ghali. Mfalme huyu alikuwa mhakiki wa kweli, ana jicho, na kwa maneno yake nakubaliana naye.

Kwa matendo yake sikubaliani naye. Qianlong alitungiwa sifa ya kuandika mashairi zaidi ya 40,000, na mengi aliamuru yakatwe juu ya vyombo vyake vya jedi. Waweza kuona bakuli la ukuta mwembamba, limetulia kama maji ya alfajiri, na katikati yake safu za maandishi ya mfalme akilisifu. Kusifu kitu kwa kuandika juu yake ni sawa na kumsifu bibi arusi kwa kumwandika kipajini. Tena mfalme huyu ndiye aliyetaka mlima wa jedi. Jiwe lilitoka milima ya magharibi, likaburutwa hadi Beijing, likapelekwa Yangzhou kwa mafundi, likarudishwa likiwa limekamilika mwaka 1787. Linaonyesha hadithi ya mfalme wa kale, Yu, aliyezuia gharika kwa kuchimba mifereji. Kimo chake ni zaidi ya mita 2 na uzito wake ni zaidi ya kilo 5,000. Lingali katika jumba la wafalme mjini Beijing, na watu huenda kulistaajabia. Nami nimelitazama katika picha nyingi, kila mara nikajiuliza: liko wapi jiwe? Kwa maana milima midogo ya jedi, ya kuwekwa mezani, ilikuwa na shabaha yake. Msomi aliyefungwa mjini kwa kazi za serikali aliitazama, akatembea kwa mawazo katika njia zake nyembamba. Mlima ukiwa mkubwa kuliko mtu, hauachi mawazo yatembee. Wayaambia yasimame na kupiga saluti.

Huenda wauliza, msomaji wangu, mambo haya yatuhusu nini sisi tuandikao kutoka kulia kwenda kushoto, au kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kalamu yenye ncha? Nitakujibu kwa vitu viwili.

Cha kwanza kimo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ni kilalio cha brashi cha kauri nyeupe yenye maandishi ya buluu, chenye vilele vitano kama safu ya milima, kilichofanywa China katika utawala wa Zhengde, baina ya mwaka 1506 na 1521. Juu yake pameandikwa kwa herufi za Kiarabu neno la Kiajemi: khamadani, yaani chombo cha kalamu. Litazame neno hilo vizuri. Wazee wetu waliita kisanduku cha kalamu kalamdani, na mkia wa maneno hayo mawili ni mmoja. Katika nchi ya China palikuwa na Waislamu wenye vyeo na elimu, wakatumia chombo cha Kichina kwa jina ambalo mtu wa Mombasa angelielewa nusu yake bila mkalimani. Umbo la milima ni la brashi, na jina ni la kalamu, wala havikugombana.

Cha pili kimo katika Makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Ni kidau cha wino cha jedi ya kijani kilichoiva, kilichofanywa India mwaka 1028 wa Hijra, yaani 1618 au 1619, kwa ajili ya mfalme Jahangir, na fundi Mu'min ameandika jina lake humo. Hapana jani lililonyauka hapa, hapana mdudu wala chura. Ni duara dogo lililojaa, na nakshi yake imekaa ndani ya mipaka yake kama aya ndani ya jedwali. Jani la Kichina hukutaka ulizungushe mkononi, ukigundua upande baada ya upande. Kidau cha Jahangir hukutaka ukae mbele yake utulie. Mimi, kwa malezi yangu, mkono wangu huenda kwenye kidau kwanza. Lakini nimejifunza kuwa mazoea si hukumu, na nikiulizwa ni kipi kinachomhudumia mwandishi zaidi, narudi kwenye jani.

Juu ya meza ile ya Kichina palikuwa na kitu kingine ambacho asili yake yaweza kuwa huku kwetu. Makopo ya brashi na maegemeo ya mikono yalifanywa pia kwa pembe za ndovu. Mwandishi Al-Masudi, aliyefika pwani hii katika karne ya 10 na kufa mwaka 956, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Karne nyingi baadaye Wamijikenda na Wakamba walizileta pembe kutoka bara, zikipitia upande wa Rabai kuja kuuzwa Mombasa. Basi alipokuwa msomi wa mbali akiegemeza mkono wake asichafue karatasi, huenda aliuegemeza juu ya mnyama aliyekufa nyuma ya vilima vyetu. Nimeona maegemeo hayo katika picha. Yamechongwa mianzi na mawingu, na ni mazuri sana. Hapa uzuri hauniridhishi. Jiwe la mtoni halina mama wala ndama. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilichoma moto tani 105 za pembe mjini Nairobi, na mwisho wa mwaka 2017 China ilifunga biashara yake halali ya pembe. Nijuavyo, hapana mwandishi aliyeshindwa kuandika kwa kukosa egemeo.

Na kwa kweli, mwandishi huhitaji nini? Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa aliyekufa kiasi cha mwaka 1840, yangalipotea kama asingalikuwako Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, na mmisionari William Taylor, aliyepokea kwake. Hapana aendaye kutazama kidau cha Mwalimu Sikujua. Watu husoma mashairi. Hoja hii ni nzito, na mwenye kupenda vitu vya jedi yampasa aikabili bila kuikwepa. Mimi huijibu hivi: chombo kizuri hakifanyi maandishi kuwa mazuri, lakini huonyesha jinsi watu fulani walivyoiheshimu kazi ya kuandika. Wachina walimpa msomi jiwe lao la thamani kuliko yote ili aoshee brashi. Hawakulihifadhi kwa upanga tu, wala kwa taji tu.

Sisi tuliiheshimu kwa njia nyingine. Katika chuo cha Kurani mtoto alipewa ubao, kalamu ya utete na wino wa masizi, na ubao ulipooshwa maji yake hayakumwagwa ovyo njiani. Na hata leo, Likoni na Kisauni na Changamwe, wako wanywao kombe: mwalimu huandika aya kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, mgonjwa akayanywa. Neno kombe lenyewe ni jina la sahani kubwa. Sizungumzi hapa juu ya tiba, bali juu ya chombo. Jani la jedi hupokea maji ya wino yaliyokwisha kazi, yakamwagwa. Sahani ya kombe hupokea maji ya wino ambayo kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Sahani hiyo yaweza kuwa ya bei ndogo dukani, haina joka wala ua, lakini weupe wake ni lazima, kwa kuwa maandishi sharti yaonekane kabla ya kuyeyuka. Na ulaini wake ni lazima, ili isibaki herufi hata moja nyuma. Naona kwamba fundi wa jani angalielewa mara moja kwa nini.

Utakapokwenda Ngomeni, basi, inama mbele ya kioo cha kauri, utafute bakuli lililoinamishwa au lililovunjika, ili uone chini yake. Utaona duara la mguu lisilopakwa rangi, na pengine chembe za mchanga wa tanuri zilizoganda hapo tangu siku ile lilipochomwa. Mfinyanzi alikuwa na mengine mengi ya kumaliza, naye aliziacha. Tazama chembe hizo, kisha umkumbuke yule mwingine, mguu wake juu ya gurudumu, akitia mchanga wake wenye maji kidogo kidogo juu ya jani ambalo halijawa jani bado.